Ondokeni Miguu Ikiwa Mikavu: Majibu kwa Wasomaji wa Mto Tana

Barua za mwezi huu karibu zote zinauliza jambo moja: mto. Mimi ni muuguzi mstaafu. Nilizaliwa ukingoni mwa Tana, nikafanya kazi katika zahanati za huku kwetu miaka zaidi ya thelathini, na mvua za El Niño za 1997 zilinikuta bado niko kazini huku. Nitajibu barua nne. Ya kwanza nitaijibu kwa kirefu kwa sababu ni barua ambayo ningeweza kuiandika mwenyewe nilipokuwa na umri wa huyu binti.

Shikamoo Bibi. Nimeolewa kijiji kimoja kando ya mto, kati ya Hola na Garsen. Mume wangu yuko Mombasa kikazi. Niko na watoto watatu, mdogo ana miezi saba, pamoja na mamamkwe ambaye magoti yanamsumbua. Redioni wametangaza kwamba bwawa la Masinga limejaa. Hapa kwetu hakujanyesha hata tone. Nikimwambia mamamkwe tujiandae kuhama ananionyesha mwembe ulio nyuma ya nyumba, anasema 1997 maji yalifika pale yakasimama. Sitaki kumvunjia heshima, lakini usiku sipati usingizi. Nifanyeje? — Mama Watoto, Tana River

Marahaba mwanangu.

Tuanze na hilo la mvua. Mto wetu haujazwi na mvua ya Hola. Maji yake yanatoka Nyandarua na Mlima Kenya, yanapita mabwawa matano yaliyofuatana, Masinga likiwa juu kabisa, kisha Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, ndipo yanateremka Garissa na kuja kwetu. Mabwawa hayo yakishajaa yote, kinachoingia juu ndicho kinachotokea chini. Hakuna pa kuyaweka. Masinga lilifurika 2018, likafurika 2020, likafurika tena 2024, na kila mara kuna watu wa huku chini waliokuwa wakipigwa na vumbi na kusema mwaka huu hakuna mvua. Kwa hivyo jua linalowaka uani kwako lisikutulize. Maji yako safarini. Yanachukua siku kadhaa kutufikia, na siku hizo ndizo akiba yako. Tangazo la Masinga kwako wewe maana yake ni kwamba kufunga mizigo kunaanza leo, mchana, watoto wakiwa wameshiba na hakuna anayepiga kelele.

Sasa mwembe. Mamamkwe wako hadanganyi. Maji yalifika pale, aliyaona kwa macho yake, na mtu aliyeona mafuriko yale hastahili kuambiwa hajui. Lakini mwembe unatueleza maji ya 1997 yalifika wapi, basi. Mto wenyewe umeshahama. Unakula ukingo huu, unajaza mchanga ule, shamba lililokuwa ng'ambo leo liko upande huu. Palipokuwa na msitu pamefyekwa. Barabara zimeinuliwa na tuta zake zinasukuma maji kwenda pasipokuwa njia yake zamani.

Mama yangu naye alikuwa na alama yake, ya mafuriko ya 1961. Ilikuwa kizingiti cha nyumba ya babu. Alisema maji ya 1961, ambayo wazee walikuwa hawajaona mfano wake, yalilamba kile kizingiti yakarudi. Basi 1997 tulikaa siku mbili tunakitazama kizingiti. Maji yalikipita usiku, kimya kimya, hata mbwa hakubweka. Nilishtuka niliposhusha mkono kutoka kitandani nikashika ubaridi. Tulitoka gizani, mama mgongoni mwa kaka yangu, mimi na watoto wawili, maji yakiwa kiunoni na hatujui pa kukanyaga. Tulipona sote, namshukuru Mungu.

Niliporudi baada ya wiki tatu nilikuta sanduku langu la bati palepale chini ya kitanda. Halikuchukuliwa na maji. Lilikuwa limejaa tope, na nilipolifungua zile karatasi zilikuwa zimeshikana kama mkate uliochovywa kwenye chai. Cheti changu cha uuguzi, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, barua ya shamba la baba. Nilijaribu kuzibandua moja moja na kuzianika juani. Wino ulikuwa umeondoka. Ofisi moja ilinizungusha miaka miwili kabla sijapata nakala ya cheti kimoja tu.

Kwa hivyo nakuomba usibishane na mamamkwe kuhusu mwembe. Muulize swali jingine: "Mama, maji yakianza kuingia, huingilia wapi kwanza?" Hilo analijua kuliko mimi, kuliko redio, kuliko mtu yeyote aliye ofisini. Kila kijiji cha mto kina mahali pake, kijito cha zamani au bonde la mpunga, ambapo maji hujipenyeza kabla ya kingine chochote. Akishakutajia, mwombe mkubaliane wote wawili: maji yakigusa hapo, tunaondoka. Hatungoji yafike shambani, hatungoji jirani, hatungoji simu ya Mombasa. Mpigie mume wako leo usiku, weka simu kwa sauti ili mama asikie, yeye naye alitamke jambo hilo. Likishatamkwa na watu watatu, siku yenyewe halitakuwa ugomvi wa mkwe na mkwe tena. Litakuwa agano la nyumba.

Hapo pahali chomekeni kijiti. Sisi tulitumia tawi la mwarobaini lililonyooka, tukalikata alama kwa kisu kila shubiri moja. Linatazamwa asubuhi na jioni, na mtu mzima, si mtoto, kwa sababu mto ukipanda mamba naye anasogea. Ikiwa ukingoni maji yamepanda shubiri moja kati ya asubuhi na jioni, msilale. Mafuriko mengi yaliyotuua huku yalitukuta tumelala.

Halafu ile njia ya kuondokea. Umeipita lini kwa miguu? Nauliza kwa sababu miaka hii mathenge, ule mti wa miiba unaojiotea kila mahali, umefunga kila kitu. Njia tulizopita 1997 kwenda kwenye ardhi nyekundu kule juu leo ni ukuta wa miiba, na mwiba wa mathenge unatoboa kandambili mpaka nyayoni. Jumamosi hii chukueni panga, wewe na majirani wawili watatu, mfyeke mpaka mkokoteni wa punda uweze kupita. Mwenye huo mkokoteni mtafute sasa, mkubaliane bei sasa, mpe hata kitu kidogo cha kumfunga. Mamamkwe wako hawezi kutembea saa nzima kwa magoti yale, na siku ya maji kila mwenye mgonjwa atakuwa anamtafuta punda yule yule. Muulizeni chifu na mzee wa kijiji ni wapi pamepangwa watu wakae. Shule ikitajwa, ulizeni kama shule hiyo yenyewe haikuingia maji 2024. Zipo zilizoingia.

Mizigo. Tafuta ndoo ya mafuta ya kupikia ya lita 20, yenye kifuniko kinachobana, uioshe kwa sabuni na uikaushe kabisa. Hiyo ndiyo sanduku lako, si bati. Ndani tia karatasi, kila moja kwenye mfuko wake wa plastiki uliofungwa: vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa, vyeti vya shule, hati au barua ya shamba, kijitabu cha kliniki cha mtoto. Zipige picha pia kwa simu umtumie mume wako, zikipotea huku zitabaki kule. Dawa za mamamkwe za wiki mbili, kama anameza za presha au sukari. Mwambie mhudumu wa afya wa kijiji akuombee zahanati ikupe mapema. Kiberiti kwenye chupa kavu. Tochi. Sabuni. Kipande cha karatasi chenye namba za simu, kwa sababu simu ikizima hutakumbuka hata ya mumeo. Na namba ya Msalaba Mwekundu, 1199, ambayo haitozi pesa. Tia na noti za mia mia na hamsini hamsini. Mtandao ukianguka, pesa iliyo kwenye simu haikununulii hata mkate. Kisha ifunge ndoo kwa mpira wa ndani wa baiskeli, uzungushe mara mbili juu ya kifuniko. Ukimaliza, iinamishe kwenye beseni la maji uone kama inavuja. Mimi yangu iko karibu na mlango mwaka mzima, mjukuu wangu anaikalia anapovaa viatu.

Nje ya ndoo beba chandarua, turubai, kamba, sufuria moja, unga na maharagwe ya wiki moja, na mbegu. Tafadhali usisahau mbegu. Nimewaona watu waliookoa godoro wakaacha mbegu, na maji yalipotoka, ardhi iko laini na nyeusi inawangojea, hawakuwa na cha kupanda.

Mtoto wa miezi saba aendelee kunyonya. Kambini utaambiwa kuna maziwa ya kopo. Maji ya kuyakorogea ndiyo ninayoyaogopa. Maziwa yako hayahitaji maji ya mtu.

Niandikie ukishafyeka ile njia.

Asalaam aleikum Bibi. Mimi ni mfugaji. Ukame ulinimalizia wanyama, nikaanza upya, 2024 mafuriko yakachukua wengine. Sasa nina mbuzi arubaini na wanne. Niwashushe mtoni wapate majani au niwaweke mbali? Na swali la pili: baada ya mvua kubwa mbuzi wakitupa mimba wengi kwa pamoja, wazee wanasema ni jicho. Wewe unasemaje? — Baba wa Mbuzi, upande wa Bura

Waaleikum salaam, baba. Pole. Kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022 misimu mitano ya mvua ilifeli mfululizo, na mtu aliyebakiwa na mbuzi baada ya hapo ni mtu aliyewalinda kwa jasho. Ndiyo maana naelewa unavyoutamani ukingo wa mto wenye majani.

Washushe wakati mto uko chini na anga la juu ni shwari. Ukisikia mabwawa yamejaa wapandishe, hata kama majani yako kule chini. Mbuzi waliodhoofika hawafi kwa kuzama peke yake. Wanakufa kwa kulala kwenye matope na baridi ya usiku mmoja wa mvua. Watafutie mahali palipoinuka, uwajengee kivuli cha turubai upande wa upepo. Na malka, yaani njia ya mifugo ya kushukia mtoni, mtakayopitia kurudi, zungumzeni na wenye mashamba kabla, mkiwa mmekaa chini na chai. Mkikutana pale siku ambayo kila mtu anakimbia maji, mifugo ikaingia kwenye ndizi za watu, yatazuka mengine. Kaunti hii imeshazika watu wengi kwa sababu hiyo na sitaki kuona tena. Ikiwa kati ya hao arubaini na wanne wapo madume watano sita wa kuuza, uza sasa wakiwa na mwili. Bei ya mbuzi baada ya mafuriko, barabara zikiwa zimekatika, unaijua mwenyewe.

Hilo la kutupa mimba, baba, nisikilize vizuri. Likitokea kwa mbuzi na kondoo wengi kwa pamoja baada ya mafuriko, shuku homa ya Bonde la Ufa kabla ya jicho la mtu. Mbu wanaoieneza hutaga mayai kwenye mabonde madogo ya ardhi kavu, na mayai hayo yanaweza kukaa humo miaka yakiwa hai. Bonde likijaa maji yanaanguliwa yote kwa mpigo. Ndiyo sababu ugonjwa huu unafuata mafuriko makubwa. Ulikuja 1997 na 1998 ukaua watu Garissa na sehemu nyingine za kaskazini mashariki, ukarudi mwishoni mwa 2006 hadi 2007, na mara hiyo kaunti yetu haikupona. Nilimhudumia kijana mmoja aliyechinja kondoo mgonjwa ili nyama isipotee. Alikuja na homa na macho mekundu, siku ya tatu fizi zikaanza kutoka damu. Alikuwa na nguvu za kuinua gunia peke yake, na hakumaliza wiki.

Kwa hivyo: mnyama aliyetupa mimba usimguse kwa mikono mitupu, wala kile kilichotoka. Mgonjwa asichinjwe, aliyekufa asiliwe, hata kama ni mnene. Maziwa yachemshwe mpaka yainuke, na najua wengi wenu mnapenda mabichi. Lala ndani ya chandarua, watoto pia. Ukiona wawili watatu wametupa mimba ndani ya siku chache, mpigie afisa wa mifugo siku hiyo hiyo, na mtu wa nyumbani akipata homa kali mpeleke zahanati useme wazi kwamba mifugo inatupa mimba, maana muuguzi asipoambiwa atafikiria malaria. Chanjo ya mifugo ipo, lakini inafanya kazi ikitolewa kabla ugonjwa haujaingia. Muulize afisa wa mifugo mapema, na umwambie ni wangapi wana mimba, kwa sababu zipo chanjo zisizowafaa wenye mimba.

Bibi, mimi ni wa bodaboda. Maji yakikata barabara abiria wanatoa hata mara tano ya nauli nikiwavusha. Maji yenyewe huwa ya magotini tu. Kuna ubaya? — Kijana wa Madogo

Kuna kifo, mjukuu wangu. Maji yanayokimbia hata yakiwa ya sentimita 15 yanaweza kumwangusha mtu mzima. Ya sentimita 30 yanainua gari dogo. Magoti yako wewe ni zaidi ya hapo, na pikipiki yako ni nyepesi kuliko gari lolote. Zaidi, maji yana rangi ya chai ya maziwa, huoni kama lami bado iko chini au imechimbwa. Wewe ni mtu wa Madogo, huhitaji nikukumbushe Kona Punda, Aprili 2024, boti ilivyopinduka na watu waliokuwa wakijaribu tu kufika upande wa pili. Ninajua una madeni ya pikipiki. Siku za maji wabebe watu kuwapeleka mahali pa juu, wabebe wagonjwa na wazee, hiyo kazi itakuwepo kuliko utakavyoweza. Anayetaka kuvuka mwambie hapana, na ukimwona anatafuta mwingine wa kumvusha, mkatalieni stendi nzima.

Bibi, maji yakishatoka, kisima chetu kinabaki kimejaa na maji yanaonekana safi baada ya siku mbili tatu. Tunaweza kunywa? — Mama Ntilie, Garsen

Hapana, mama, na wewe hasa, kwa sababu unapikia watu wengi. Maji yaliyoingia kisimani ndiyo yale yale yaliyopita vyooni, mazizini na juu ya mizoga. Tope likituama maji yanang'aa, wadudu wa kipindupindu hawatuami.

Yachuje kwanza kwa leso safi iliyokunjwa mara nne, kisha yachemshe mpaka yatokote kabisa, si mpaka yapate moshi. Kuni zikiwa zimelowa, tumia dawa ya maji. Soma kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti au chupa, usikisie, na usubiri nusu saa kabla ya kunywa. Dawa ikitiwa kwenye maji yenye tope inaisha nguvu kwa tope, ndiyo maana nimesema uchuje kwanza. Kisima chenyewe kitatakiwa kitolewe maji, kisafishwe, kitiwe klorini. Mwiteni afisa wa afya ya umma awaonyeshe, msimteremshe kijana ndani peke yake. Hewa ya chini ya kisima imeshaua watu.

Mtu akianza kuharisha maji matupu, usingoje kesho. Pima maji safi lita 1, tia vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vilivyosawazishwa juu, koroga, anywe kidogo kidogo njia nzima mkielekea zahanati. Onja kabla ya kumpa: yasiwe na chumvi kuliko machozi.

Na pale kibandani pako, pipa la maji ya kunywa liwe na kifuniko na bomba dogo chini. Likikosa bomba, kata yenye mpini mrefu, itundikwe msumarini, na asiyekuwa wewe asiishike.